Saladi Bila Bibie

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetengeneza saladi. Mimi! Fundi friji, mtu wa spana na bisibisi, nimesimama jikoni nimeshika letusi kama mtu aliyeachiwa kitoto kichanga na mama yake ametoka kidogo.

Bibie hayupo tangu Novemba. Mama mkwe alianguka bafuni akavunjika nyonga, na kule kwao hapakuwa na wa kumgeuza kitandani ila yeye. Alifunga mkoba asubuhi ile ile. Tulisema wiki chache. Sasa mama mkwe anatembea kwa fimbo, na mimi bado nakula mkate na mayai. Jina lake si Bibie, bila shaka. Nilimwita hivyo kwa utani tulipokuwa wachumba, likaganda.

Kilichonipeleka jikoni si njaa. Ni lile bakuli. Bakuli kubwa la kioo, liko juu ya kabati tangu aondoke, na kila nikiingia naliona limekaa tu. Zamani kila jioni lilikuwa mezani, limejaa majani mabichi. Nilikuwa nakula huku nazungumzia kompresa za watu. Leo nikasema, aa, majani ni majani, kuna ufundi gani hapo?

Upo. Nilikata letusi kwa kisu, nikakata tango, nikamwaga siki, mafuta, chumvi. Nilipogeuka kuchukua uma, bakuli limeshakuwa dimbwi. Majani yamelegea, yamelala. Nilijikaza nikala kidogo, nikaacha.

Nikampigia. Simu zetu ni fupi — mama hajambo? hajambo, wewe? mzima, haya. Kwenye simu mimi ni domo zege, najijua. Lakini leo nilikuwa na habari. Nikamweleza lile dimbwi. Akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu aondoke. Akauliza kama nilikausha majani. Kukausha? Si nimeyaosha? Akacheka tena. Akasema jani lenye maji halishiki mafuta, yote yanateleza chini. Kausha kwanza, ndipo unipigie.

Nilibaki nimeshika simu, natabasamu kijinga peke yangu jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimekausha. Mungu wangu.

Nina blowa kwenye karakana, ile ya kupulizia vumbi kwenye mabomba ya nyuma ya friji. Nikawaza: upepo si upepo? Nikapanga majani juu ya meza ya kazi, yamekaa vizuri, safi. Nikawasha.

Letusi iliruka yote! Jani moja likajibandika kwenye kalenda, jingine kwenye taa, mengine yakaingia nyuma ya friji za watu. Na wakati huo huo anaingia mwalimu aliyekuja kuchukua friji yake. Akasimama mlangoni. Akauliza kwa upole kama arudi kesho. Alipofungua friji yake kuikagua, kulikuwa na jani ndani, limekaa kwenye rafu ya mayai. Nikamwambia ni la kupimia ubaridi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Nilipomsimulia Bibie alivunjika mbavu. Nilimsikia mama mkwe kwa nyuma anauliza, kuna nini, kuna nini, naye hawezi hata kumjibu. Alipopata pumzi akaniambia: taulo safi, baba. Funga majani ndani ya taulo, shika ncha zote nne, toka uani, zungusha mkono.

Nimezungusha. Jirani alikuwa anaanika nguo. Akaacha kuanika. Nikamwamkia huku nazungusha, naye akaitikia taratibu sana, nguo mkononi.

Majani yalitoka makavu. Kweli kabisa! Yanatoa mlio ukiyashika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia nimwulize kuhusu siki na mafuta: kipi kwanza, kiasi gani. Akasema hiyo ni ya kesho.

Ya kesho kwa nini? Jambo la kusema kwa pumzi moja! Nikamwambia mteja akiniuliza friji yake ina nini simwambii ningoje nikujibu Jumapili. Akasema, mimi si fundi friji, na wewe si mteja wangu. Haya, usiku mwema. Na jua halijazama!

Nimekasirika kidogo. Kisha nimejikuta nangoja kesho.

Jumapili, 9 Machi

Leo amenifundisha. Chumvi iyeyuke kwenye siki kwanza, maana kwenye mafuta haiyeyuki hata ukiibembeleza. Haradali kidogo, ile ya kwenye chupa ndogo. Ndipo mafuta, mara tatu ya siki. Tia yote kwenye chupa tupu ya jamu, funga, tikisa mpaka rangi ibadilike iwe nzito. Hapo nilielewa mara moja; mimi na mafuta na chupa tunajuana.

Nikaonja kwa kijiko, uso ukanikunjamana. Nikampigia tena: kali! Akauliza nimeonjea nini. Kijiko. Akasema: utaila kwa kijiko? Chovya jani, onja jani. Ukionja kijiko utakuwa unaipima peke yake, na haitaliwa peke yake.

Nikachovya jani. Ikawa tamu.

Miaka yote ile alipokuwa mpishi wa bweni la wanafunzi, kabla halijafungwa, nilijua anapika. Sikujua kwamba anawaza hivi. Nilikaa na lile jani mdomoni, nikamtamani awe hapa, pale kwenye kile kiti, anifanyie mzaha na kunyoosha kidole. Namkumbuka mno. Basi, nimeandika. Hakuna atakayesoma.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda sokoni kwa yule mama wa mboga ambaye Bibie alikuwa mteja wake. Sote tunamwita Mama Majani, na yeye mwenyewe anaitika. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema saladi ya majani matupu, ile ya kawaida. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Halafu akafungua mdomo, na Mama Majani akifungua mdomo hafungi.

Letusi aina mbili, akasema, laini na ngumu, usichukue moja tu. Na jani chungu kidogo, lisikose, bila uchungu ulimi unalala. Usikate kwa kisu, chana kwa mkono. Kisu kinalitia jani weusi kwenye kingo. Kata kitunguu saumu katikati, sugua bakuli ndani, kisha kitupe. Usikitie! Harufu yake inatosha. Tango menya mistari mistari. Majani ya kitunguu, nanaa chache sana. Na siki na mafuta vimwagwe watu wameshakaa mezani, si kabla. Watu ndio wanangoja saladi, saladi haingoji watu.

Yaani kila kitu kwa mkupuo mmoja, bure, huku anamfungia mteja mwingine bilinganya.

Nimerudi, nimefanya yote. Nimekaa. Nimemwaga. Nimechanganya kwa mikono kama Bibie, kutoka chini kwenda juu. Nimeonja.

Ndiyo yenyewe. Ndiyo ile ile. Nilifumba macho na kwa sekunde hivi alikuwa mezani. Nikafumbua.

Nilidhani nikiipata nitafurahi. Nimekula yote, na nyumba ikawa kubwa kuliko jana.

Simu ikaita. Leo alipiga yeye, wala sikutegemea. Akauliza leo imekuwaje, baba?

Nikasema: imeharibika.

Imetoka tu. Sikuipanga! Ila kama imekuwa nzuri, kesho tutazungumza nini? Mama hajambo, hajambo, haya?

Jumapili, 16 Machi

Kazi ya kuharibu saladi ya uongo ni ngumu kuliko kutengeneza ya kweli. Lazima niwaze kosa, liwe jipya, liwe la mtu mwenye akili timamu. Alhamisi: majani machungu. Akasema chana vipande vidogo, ongeza tone la asali. Ijumaa: haina uzito, haishibishi. Akasema parachichi, lakini likatwe mwisho na lipakwe ndimu. Jana: imekuwa laini mno, hakuna kitu cha kutafuna. Akafikiri kidogo, akasema tufaha la kijani, vipande vyembamba. Au njegere mbichi. Au vipande vya mkate mkavu vilivyokaangwa, hivyo wanafunzi wake walikuwa wanavigombania.

Mimi huku mkononi nina bakuli la saladi safi kabisa, najibu ee, ee, nitajaribu.

Na najaribu kweli! Ya tufaha imenipendeza. Ya njegere, hapana.

Simu sasa zinarefuka. Baada ya saladi anaendelea. Ananiambia huko naye anatengeneza yake kila jioni. Mama mkwe anagombana na fimbo yake, anasema inamtangulia. Kuku mmoja amehamia jikoni, ameamua. Asubuhi kuna mtu anapita barabarani anaimba vibaya, naye Bibie amemzoea, asipopita anaulizia. Mimi nasikiliza. Namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kucheka. Miaka tuliyolala kitanda kimoja sikuwahi kuisikia hiyo pumzi, maana ukiwa na mtu karibu husikilizi hivyo.

Nampenda mke wangu. Jambo la ajabu kuliandika, kama kuandika kwamba nina pua.

Jumatano, 19 Machi

Leo kabla sijafika kwenye kosa langu (nilikuwa nimeandaa zuri, la siki) akasema ana neno.

Shemeji, kakake, anarudi kuishi kwao na familia yake katikati ya mwezi ujao. Kwa hiyo mama mkwe atakuwa na watu. Moyo ukaruka! Halafu akaendelea. Shule ya karibu na pale imemwomba asimamie jiko lake. Mkataba wa mwaka mzima. Wanataka jibu kufikia Jumanne ya tarehe moja.

Kwa nyuma nilimsikia yule kuku.

Akauliza: wewe unaonaje?

Nikasema: uamuzi wako, Bibie. Fanya unavyoona inafaa.

Nilidhani nasema vizuri. Wallahi nilidhani huo ndio uungwana: asiseme nilimbana, asiseme nilimkatia riziki, maana anapenda jiko kubwa, na tangu bweni lifungwe alikuwa anazunguka humu ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Nikangoja aseme kitu.

Akasema: haya.

Nikamwambia kuhusu siki. Akasema ongeza mafuta. Akasema mama anamwita.

Ijumaa, 21 Machi

Balaa!

Binti yetu amekuja kutoka zamu. Ni muuguzi, anakaa upande wa pili wa mji, na huja akiwa na njaa. Nikamtengea, sikuwaza. Akala uma wa kwanza. Akala wa pili. Akasema baba, hii umenunua wapi? Nikajigamba. Nilijigamba, mjinga mimi, nikasimama kabisa nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha taulo!

Kabla sijakaa ameshapiga picha. Nikamwuliza unaipeleka wapi? Akasema kwa mama. Nikamwambia futa! Akasema kwa nini? Nikarukia simu, akainua mkono juu — mrefu kama shangazi zake — na ikawa imekwenda. Chini yake ameandika: Mama, mwalimu umepitwa na baba, nimelamba hadi bakuli.

Nilikaa chini. Akaniuliza kuna nini, nikasema kiungulia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepiga mimi. Akasema: kumbe umeshaweza.

Nikasema ee, kidogo. Tangu lini? Juzi juzi tu. Akasema inaonekana vizuri, majani hayajalala, hata tango umelimenya mistari. Hakukasirika. Ningependa akasirike. Ameongea kwa ile sauti aliyokuwa akimsifia nayo mwanafunzi anayehama bweni.

Akasema: vizuri, basi huna shida.

Nikasema: hapana, sina shida.

Nani alinituma niseme vile? Nani?

Jumatatu, 24 Machi

Hakupiga jana. Hakupiga leo.

Nimetengeneza saladi, nikatia chumvi mapema, ikalala. Safari hii kosa ni la kweli na hakuna wa kumwambia.

Sokoni Mama Majani ameniuliza mkeo anarudi lini. Nikasema yuko kwa mamake. Akasema sijakuuliza yuko wapi. Nikachukua letusi nikaondoka, nimesahau tango.

Alhamisi, 27 Machi

Binti amenijia juu. Alifika karakanani na sare zake za kazi, akakaa juu ya friji iliyolala, akauliza: baba, umemwambia mama arudi?

Nikasema anajua.

Anajuaje?

Nikasema amekaa na mimi miaka yote hiyo, anajua.

Akasema, nilimwuliza jana kuhusu ile kazi. Unajua amesema nini? Amesema baba yako hana shida, kula anakula, nyumba ipo safi, hata saladi ananishinda. Amesema, sasa nirudi kufanya nini?

Nikafungua mlango wa friji ya mteja nikaangalia ndani. Hakuna kitu ndani. Nikaufunga. Binti akasema, baba, huko ndani hayupo.

Alipoondoka nilijipa moyo. Nikafanya mazoezi, kwa sauti, mbele ya friji ile ile: Bibie, nataka urudi. Bibie, rudi nyumbani. Halikuwa gumu! Friji ilinielewa vizuri tu. Nikapiga simu hapo hapo kabla moyo haujapoa.

Akaitika: ee, baba.

Nikasema: siki imeisha.

Akasema: nunua.

Ijumaa, 28 Machi

Nimenunua siki.

Jumapili, 30 Machi

Nimeshindwa kula saladi hii siku ya tatu. Sio kwamba si nzuri. Ni nzuri. Ndilo tatizo lake.

Leo nimewaza hivi. Kwa miaka mingi mtu akileta friji anasema haipoi, naye anataka niikague. Siwezi kumwambia fanya unavyoona. Na huwa siifungui kwa simu. Naiendea ilipo, naweka mkono, nasikiliza. Kwa simu nimesema upuuzi tu. Mdomo wangu huwa haufanyi kazi mpaka mtu awe mbele yangu, na hata hapo kwa tabu. Basi nitakwenda. Kwa miguu yangu na mdomo wangu.

Kama anataka lile jiko la shule, sawa, alichukue. Lakini asilichukue kwa kudhani kwamba nimeshiba.

Hee. Hiyo nimeiandika vizuri. Nijaribu kuikumbuka.

Nimepita kwa Mama Majani. Nikamwambia nataka letusi ya kusafiri. Hakuuliza mara mbili. Alitupa zile zilizokuwa juu ya meza, akainama chini, akatoa nyingine kutoka ndoo ya maji, akachagua moja moja. Akazifunga kwa kitambaa chenye unyevu na karatasi juu. Akasema usiziweke juani, usizikalie, na ukifika usianze hadithi za friji.

Binti anasema nimpigie kwanza mama yake. Nimekataa. Nikipiga tutazungumza siki.

Jumatatu, 31 Machi

Safarini. Mwandiko unarukaruka. Letusi iko mapajani, jirani yangu wa kiti ameniuliza kama ni mtoto mgonjwa, jinsi nilivyoifunika. Nimesema ni majani. Amehama kiti.

Gari limeharibika mchana, tumekaa sana. Tutalala njiani. Nitafika kesho, na kesho ndiyo Jumanne.

Jumanne, 1 Aprili

Nimefika. Hayupo.

Naandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Niko jikoni kwa mama mkwe. Yeye amekaa kwenye kiti chenye mito, fimbo magotini. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia kwa muda, akasema: umekonda, baba. Nikasema safari. Akasema safari ya siku mbili haikondeshi mtu namna hiyo.

Nikauliza yuko wapi. Amekwenda shuleni. Kufanya nini? Kuwapa jibu, akasema. Si leo ndiyo siku yenyewe?

Nikauliza jibu gani. Mama mkwe akasema hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Si mume wangu.

Nikainuka nimfuate. Akasema kaa, hujui njia, mtapishana, ameondoka asubuhi na atarudi sasa hivi. Nikakaa. Nikainuka tena. Akasema kama huwezi kukaa, fanya kazi. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kifurushi changu.

Kwa hiyo nimetengeneza. Letusi imefika salama, mbili tatu za nje tu zimechoka. Nimeosha, nimefunga kwenye taulo la mama mkwe, nimetoka uani nimezungusha, kuku wakakimbia. Yule wa jikoni hakukimbia. Nimechana. Nimesugua bakuli. Mama mkwe anatazama kila kitu. Chupa ya siki na mafuta iko tayari, pembeni.

Nikamwambia nitakutengea na wewe, mama. Akafungua mdomo akanionyesha. Meno manne, labda matano.

Akasema: mimi majani siyawezi. Tangu kabla sijaanguka siyawezi. Nakula uji na vitu laini, mwanangu anajua.

Nikasema, lakini amesema anatengeneza kila jioni.

Kila jioni, akasema. Jua likielekea kuzama. Bakuli zima. Namwambia binti yangu, humu ndani tuko wawili na mmoja hana meno, unamtengenezea nani? Anaweka mezani sahani mbili. Anakula nusu, anaangalia simu, nusu anawapelekea kuku. Ukipiga, anatoka nje na simu, nasikia anacheka. Wiki hii hujapiga ila mara moja. Wiki hii hakula.

Nimeinamisha kichwa juu ya bakuli. Nimelia, ndiyo. Mama mkwe amenigeuzia uso dirishani kwa heshima, kisha akasema ukimaliza kulia, haya uliyokuja kusema usiniambie mimi, wala usimwambie kuku. Mwambie yeye, na umwambie kwanza, kabla hajakuambia amewajibu nini. Akishakuambia utasema tena: uamuzi wako.

Anajuaje niliyasema hayo? Bila shaka ameambiwa. Bila shaka alikuwa amekaa hapa hapa aliposikia binti yake anasema lile neno, haya.

Geti.

Ni yeye. Anamwamkia jirani, anacheka kidogo, siwezi kujua ni cheko la mtu aliyekubali au aliyekataa. Mama mkwe anamwita kwa nguvu: una mgeni! Anauliza nani. Mama mkwe: njoo umwulize mwenyewe anataka nini!

Viatu mlangoni. Kimoja. Cha pili.

Bibie, nataka urudi. Bibie, nataka urudi. Bibie, na

Amesimama mlangoni. Amenona kidogo, amependeza, ana karatasi mkononi. Anauliza, baba, unaandika nini? Mama mkwe anasema weka kalamu chini.